Kitambaa Kilichobaki

Mwaka ule Kibaigwa nzima ilifunika mdomo,
nami, fundi cherehani wa mkabala na mizani ya mahindi,
nikaweka magauni kando, nikashona barakoa.
Nilishona kwa chochote kilichobaki kabatini:
pindo la pazia, kanga iliyounguzwa na pasi,
bitana ya koti la marehemu Mzee Chidawali.
Hiyo mjane aliitaka mwenyewe.
"Alizoea kuniziba mdomo," akasema, "aendelee tu."

Wiki ya kwanza hatukujuana.
Bibi Mbeleje alimkaripia mkwewe sokoni
kwa kupita bila salamu,
akamkaripia hadi machozi yakamlenga yule kijana,
kumbe ni karani wa mazao, mgeni,
kashuka jana tu kutoka Singida.
Naye kwa adabu zake akaomba radhi,
akambebea na kikapu hadi nyumbani.
Mkwe mwenyewe alikuwa hatua tatu nyuma,
anatafuna mhindi wa kuchoma ndani ya barakoa,
kimya kama punje ya uwele.

Kibuyu chirizi tulikitundika mlangoni:
kanyaga kijiti, maji yatirike,
sabuni inaning'inia kwa kamba.
Jumatatu mbuzi wa Mama Nyemo akala sabuni.
Jumanne akala kamba.
Jumatano tukamkuta amekanyaga kijiti, anakunywa,
na watoto wamepanga foleni nyuma yake,
mmoja mmoja, wameachiana nafasi.

Na kujifukiza, jamani.
Shemeji yangu Yoramu alihisi mafua yanamnyemelea,
akajigubika blanketi mbili, akapaza sauti: "Leteni sufuria!"
Jikoni masufuria yalikuwa mawili,
moja la mwarobaini, moja la maharage,
na koroboi yenyewe inasinzia.
Mtoto akabeba lililokuwa karibu.
Robo saa nzima tulimsikia akivuta pumzi na kusifu:
"Aa! Hii ya leo imenishuka mpaka tumboni!"
Akatoka jasho likimchuruzika,
ganda la haragwe limemganda kwenye kope,
akauliza kama kuna ugali.
Sisi wengine hatukucheka sana.
Ule mwarobaini ulikuwa umeshatiwa chumvi.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Ndahani.

Ndahani nilikuwa namdai suruali tangu Krismasi.
Kabla ya ugonjwa alikuwa akizungukia nyuma ya maghala
ili asipite mbele ya cherehani yangu.
Barakoa ilipoingia, akaota ujasiri.
Akanipitia mchana kweupe,
sauti kaibana kama birika linalotaka kuchemka:
"Mbukwenyi, fundi!"
Nikatazama macho: simjui.
Nikatazama kitambaa.
Uso naweza kuusahau, kitambaa sisahau:
kijivu, mistari ya damu ya mzee,
kipande kilichobaki kwenye ile suruali,
nilichompa mkewe bure, nikidhani ni cha kuendea kanisani.
Nikashusha macho polepole.
Na suruali alikuwa ameivaa.

"Ndahani," nikamwambia, "mdomo wako na magoti yako ni ndugu."

Akasema angelipa sasa hivi, ila asingeweza kunisogelea,
tumeambiwa mita moja.
Nikamnyooshea rula yangu ya mbao, mita kamili.
"Weka hapo kwenye ncha."
Akaweka noti mbili, huku mkono unatetemeka
kama mtu anayemzika jogoo wake.
Na upepo wa kwetu mnaujua, hauna subira na karatasi.
Noti zikaruka, tukaruka nazo,
tukainama pamoja, paji likagonga paji,
mita yote ikaishia pale.

Moja niliikanyaga kwa kiatu.
Ya pili tuliiona mara ya mwisho
ikielekea kwa Mama Nyemo.

Barakoa zimebaki kuwa vitambaa vya kushikia sufuria.
Ndahani anaapa kwamba alilipa yote.
Mimi nasema ni nusu.
Shahidi anacheua.